Mawe Matatu ya Jikoni Kwako

Mama,

Ulituacha mwaka jana, mahindi yakianza kutoa ndevu, na moto wako ukazima siku hiyo hiyo. Wanasema tangu uolewe hapa Kimulot haukuwahi kuzima. Wanawake waliokuja kupika matangani walianza kwa kuomba kiberiti. Kiberiti, nyumbani kwako! Nilisikia hilo nikatoka nje.

Sasa nikupe habari. Mafuta yamepanda: petroli, mafuta taa, mtungi wa gesi, vyote. Kwa kituo cha majani chai, tukingoja lori, wanaume wanalaumu serikali mpaka mate yanakauka, kisha kila mmoja anawasha pikipiki kwenda duka la hapo chini kununua sukari. Yangu pia ilikuwa inaijua hiyo njia. Nikakaa chini na hesabu, unanijua. Bei sikuiweka mimi. Kinachochomwa hapa nyumbani, hicho ni changu.

Siku hizi pikipiki inatoka mara moja, kupeleka maziwa, na inarudi na kila kitu. Gesi tunaitoa kwa mavi ya ng'ombe. Shimo nilichimba mwenyewe, vile shamba la majani chai nililinunua mwenyewe kwa kuchuma majani ya watu. Ng'ombe watatu wanatosha chai ya asubuhi na ugali wa jioni. Jirani yetu alinipigia kelele kutoka kwa ua, "Bwana Hesabu! Leo chai imepikwa na ng'ombe gani?" Nikamwambia, "Yule mweusi. Karibu." Alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu.

Chelangat hatoki tena jikoni macho mekundu. Anapika akiimba. Mama, ungemsikia mkaza mwanao. Anaimba vibaya, na mimi nakaa tu mlangoni nasikiliza.

Wewe ulikuwa unaacha gogo linafuka kutwa, hakuna hata sufuria juu, eti mgeni asikute mawe baridi. Wageni wenyewe kwa wiki walikuwa wangapi? Wawili, na mmoja alikuwa Mjomba, ambaye hajawahi kuwa na haraka. Nilikuwa naona miti ikipungua. Nani anamwambia mamake azime moto?

Kitu kimoja kilinishinda. Moto wa gesi hauachi kaa, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kinataka kusuguliwa ndani na kijiti cha mti wa senetwet kinachowaka. Mimi, mwerevu, nikanunua makaa sokoni, ya mkaratusi, nikasugulia hayo. Mjomba alionja, akatazama kibuyu, akatutazama. "Haya maziwa," akasema, "yamepewa dawa ya minyoo." Chelangat alicheka mpaka akakaa chini. Sasa tunawasha vijiti vya senetwet kwa jiko dogo la nje, mara moja, vibuyu vyote pamoja. Mursik imekaribia kuwa ile yako.

Kwa hivyo mawe yako matatu hayana kazi. Fundi anakuja Jumamosi kumwaga sakafu ya simiti, na nilikuwa nimeamua yatoke. Lakini Chebet amepiga simu kutoka Londiani. Anasema kuyatoa ni kukufukuza wewe, na nikiyatoa, Desemba haji, wala watoto hawaleti. Huyo dada yangu anapikia gesi ya mtungi, sakafu yake inang'aa, na anataka mimi ndiye nimtunzie moshi wa nyumbani! Nilikata simu. Tangu hapo hajanipigia, na nyumba haina raha ile ilikuwa nayo.

Hapa hesabu yangu imefika mwisho. Mawe ni yako, si yangu wala yake. Lala salama, Mama. Ukisema yabaki, naahidi fundi atayazungushia simiti bila kuyagusa, nami nitampigia Chebet kwanza. Ukisema yatoke, nitayabeba kwa mikono yangu, hakuna mtu mwingine atayashika, halafu nitamweleza.

Lakini niambie mimi. Usipitie kwa Chebet: anasema unamjia ndotoni kila wiki, na kila wiki mnakubaliana.

Nataka neno moja, kabla ng'ombe hawajakamuliwa Ijumaa jioni. Yatoke au yabaki?

Mwanao,
Kibet