Mkebe wa Mama

4 Februari

Mwanangu,

Natumai hamjambo wote huko kwenu, na kwamba tanuri la mikate halijakuchoma tena mkono. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua kidogo na nyumba ni kubwa kupita kiasi. Jana nilijikuta nikiaga kabla ya kutoka, halafu nikakumbuka kwamba hakuna wa kuniitikia.

Nina ombi. Nitumie karatasi za kusokotea sigara, zile nyembamba. Unajua Mama yako ndiye aliyekuwa akinisokotea. Alisema mikono yangu ina mafuta ya saa na itaharibu karatasi. Sasa najifundisha uzeeni. Fundi saa mzima, nimefungua saa ndogo kuliko ukucha, na sigara inanishinda! Zangu zinavimba katikati na kumwaga tumbaku huku na huku. Zake zimebaki chache kwenye mkebe, nazo nazionea huruma.

Msalimie mjukuu wangu Kasuku. Mwambie babu amekosa mtu wa kumuuliza maswali.

Baba yako

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Kasuku anaongea mpaka usingizini.

Karatasi sitatuma, na usinikasirikie. Tulipokuja kumzika Mama, ulivuta sebuleni siku zote zile. Tuliporudi huku, Kasuku alilazwa, pumzi ikipiga filimbi. Daktari amesema ni pumu na moshi ni sumu kwake. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na msiba wa kukutosha.

Likizo yangu ni Julai na natamani tuje tukae nawe. Lakini mtoto simwingizi kwenye moshi, Baba. Ukiacha, tutakuja.

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Salamu. Barua nimeipata. Pole kwa mtoto.

Mama yako aliishi na moshi wangu miaka yote na hakuwahi kuniwekea masharti. Kila jioni baada ya kula alivuta kiti, akasokota za kesho, nami nikamsimulia saa za watu. Hicho tu ndicho nilichobaki nacho, na wewe unataka nikitupe. Basi bakini huko.

Baba

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje? Kifua je? Nimekuandikia mara mbili na hujanijibu. Nikipita kwenye duka la saa karibu na kazini nasimama nikikuwaza. Nuna upendavyo, lakini andika hata mstari mmoja nijue unapumua. Kasuku anauliza kama babu amesahau kuandika.

Mwanao

8 Juni

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, na leo sisemi kwa mazoea.

Nisamehe kimya. Nilikuwa nimenuna, halafu nikaona haya kwa kununa.

Mwezi uliopita zilibaki tatu za Mama yako. Nikasema, kabla hazijaisha, nijifunze mkono wake. Nikaweka moja mezani, nikavaa kioo changu cha jichoni, nikaifungua kwa kibano polepole, kama ninavyofungua saa nisiyoijua, ili nione kila kitu kimekaa wapi.

Tumbaku ilikuwa kwenye ncha tu, huku kidogo na kule kidogo. Katikati pote ni makapi ya chai yaliyokaushwa.

Nikafungua ya pili. Vilevile.

Unakumbuka sinia lake la makapi pale dirishani? Aliniambia ni mbolea ya maua. Nikamwamini, na humu ndani tuna chungu kimoja tu cha maua. Mimi huyu niliyewatambia wateja kwamba hakuna sigara laini kama za mke wangu! Tangu aondoke nilikuwa nikisokota tumbaku tupu, nikikohoa mpaka kibano kinaniponyoka.

Nilicheka peke yangu hadi machozi, kisha nikalia kweli. Alikuwa ananiachisha kidogo kidogo, kama mtoto anavyoachishwa ziwa, bila kunivunjia heshima hata siku moja. Mauti yakamkatiza. Nikaona ni aibu kazi yake ibaki nusu.

Tumbaku nimeitupa. Siku za kwanza niligombana hata na kuta. Mapazia nimeyafua, na sebule nimeipaka chokaa mwenyewe. Usiangalie sana kwenye pembe. Jioni ndiyo ngumu. Baada ya kula mikono inatafuta kazi, naangalia kiti chake, nami nina hadithi za saa zimenijaa kooni.

Ile moja iliyobaki sijaifungua. Ipo kwenye mkebe, Kasuku aje auone mkono wa bibi yake.

Nyumba haina moshi tena, mwanangu. Na kiti chake nimekifuta vumbi. Njooni.

Baba yako