Miche Iliyofyekwa kwa Ajili ya Mgeni

Jumamosi, Machi 1974

Wamefyeka yote. Miche ya mivule tuliyoipanda kuzunguka chemchemi, mimi na kina mama wa kamati, imekwenda pamoja na magugu. Kiangazi cha mwaka juzi tulichota tope pale, ndiyo maana tukapanda.

Balozi wetu wa nyumba kumi alisikia mgeni kutoka wilayani atapita, akaita watu wote waje kujitolea. Mimi nilichelewa, mtoto ana homa. Nilipofika, pamekuwa peupe kama uwanja wa shule.

"Shikamoo mzee. Miche iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Miche ipi? Tumesafisha."

Balozi alisema kwa furaha kabisa. Na watu jasho linawatoka, wananitazama niwasifu. Ningewagombezaje?

Mgeni akaja, akasifu usafi wa kijiji chetu. Nikapiga makofi pamoja na wenzangu. Nayachukia makofi yale kuliko mafyekeo yao.

Mche mmoja umepona. Bibi Mwanahawa alikuwa ametundika kanga yake hapo wakati wa kazi, hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kesho nauzungushia miiba, kabla hawajasikia mgeni mwingine.