Sikumwambia Festo Habari ya Pongo

Kamwene, Mama.

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako, chumba cha mbele. Nimekuja tena kutoka Iringa Jumatatu hii, nimefunga kazi ya kushona wiki nzima, wateja wangu wa Kihesa watanivumilia. Kuna jambo ulinituma sikulifanya. Siwezi kuendelea kulibeba bila kukuambia.

Siku mbili kabla hujatutoka, pale wodini, kifua kilikuwa kimekubana. Ulikuwa unasema maneno mawili, unapumzika. Ulinishika mkono ukaniambia, "Yule jike ana mimba. Mwambie Festo asiingize watu kichakani." Nikajibu, "Sawa, Mama," nikakufunika shuka. Nilidhani ni homa inasema. Nilijiuliza, mtu hawezi hata kumeza uji, anawezaje kuwaza pongo wa bondeni?

Na mimi ndiye niliyepaswa kuelewa kuliko wote. Nimekua nikikaa na wewe kwenye kizingiti cha jikoni asubuhi, tunawatazama swala hao wa kichakani wakitoka kwenye ukungu, wekundu, wana madoa meupe ubavuni. Kwa watu wengine pongo alikuwa mwizi wa maharage tu. Wewe ulitaka kujua kwa nini katokea hapa, hakutokea pale. Nilikuwa darasa la tatu nilipokuuliza mbona hawahamii ng'ambo kwenye majani mengi. Ukasema, "Majani peke yake hayamtoshi. Anataka majani na mahali pa kukimbilia."

Tangu siku hiyo nikaanza kuona. Pongo hali chakula chake mbali na kichaka; miruko mitatu tu, ametoweka. Kiangazi hushuka chemchemini ambako majani hayakauki, mvua zikianza hupanda ukingoni mwa shamba kufuata machipukizi. Upande wa jirani yetu mwenye mbwa hawafiki, hata kunde zistawi namna gani. Na mtoto humlaza peke yake kwenye majani mazito, mama anakwenda kula kwingine ili harufu yake isimwitie adui, anarudi kumnyonyesha tu. "Mkimkuta amelala msimguse," ulituambia mimi na Festo. "Hajatupwa huyo. Anasubiri."

Kwenye kinyungu, bustani yako ya bondeni, mistari miwili ya maharage ilikuwa yao. Baba aliinung'unikia mpaka anakufa, na wewe uliipanda kila mwaka.

Tulikuzika Jumatano. Watu walijaa mpaka barabarani, kwaya yako iliimba vizuri, mimi sikusikia hata wimbo mmoja. Baada ya wiki nikarudi mjini, Festo akabaki na shamba. Unajua alivyokuwa anataka kupanda parachichi kama wenzake. Sehemu iliyobaki ilikuwa kile kichaka. Akanipigia simu: "Dada, naanza kusafisha bondeni Jumatatu." Nilikuwa na gauni la bibi harusi kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamwambia sawa. Neno lako lilikuwa limenitoka kabisa, Mama. Kabisa.

Alhamisi akapiga tena. Akasema, "Dada, njoo," akakata.

Vibarua walikuwa wamekuja na mbwa. Walishafyeka upande wote wa juu walipofika alipokuwa yule jike. Alitoka mbio, akapanda alikozoea kupanda, na huko hapakuwa tena na kichaka. Mbwa walimmaliza kabla Festo hajafika. Kesho yake asubuhi kibarua mmoja akainua matawi, akamkuta mtoto wake mchanga. Amelala, masikio yamelala, hakukimbia. Hajui kwamba mama yake hayupo. Alikuwa anasubiri.

Nilipofika, Festo alikuwa amemlaza jikoni kwako, amemfunika sweta lako la bluu. Tuliomba maziwa ya mbuzi kwa jirani, tukampa kwa chupa. Siku ya kwanza alinyonya kidogo. Siku ya pili akakataa, akawa anaangalia mlango tu. Siku ya tatu, adhuhuri, mkono wangu ulikuwa mgongoni mwake, nikasikia moyo unapiga haraka, halafu polepole, halafu basi. Mama, nililia. Siku yako sikulia hivyo. Siku yako nilikuwa nagawa chai, natafuta viti, nawaonyesha wageni pa kulala.

Hapo ndipo nilipomwambia Festo. Alikuwa amesimama karibu na mtungi, mgongo kwangu. Akauliza, "Mama alisema?" Nikasema alisema, wodini, nami nikasahau. Akageuka. Kisha akasema, "Ungeniambia, dada, ningeacha." Hakunifokea. Bora angenifokea.

Akatoka, akawaambia vibarua wakusanye panga zao waende. Akashuka bondeni peke yake, akakaa kwenye miti iliyokatwa, kofia mkononi. Sikumfuata. Mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Upande wa chemchemi umebaki, karibu nusu. Miche ya parachichi ameipanda juu tu, pale palipokwisha kufyekwa, na tumeacha ukanda kati yake na kichaka ili majani yaote yenyewe. Vibarua wake hawaruhusiwi tena kuja na mbwa. Juzi nimepanda mistari yako miwili. Kila asubuhi wiki hii nimekaa kizingitini mpaka jua limepanda. Sijaona mnyama. Nimeshuka kutafuta hata kwato kwenye tope, hakuna. Kama wamehama siwalaumu. Mahali palipowafanyia vile hata mimi nisingepachagua.

Sikuombi unisamehe leo. Nilitaka ujue tu kwamba ulisema kwa akili zako timamu, na mwenye kosa si Festo. Watu hapa kijijini wanamsema yeye kwa kufyeka kichaka chako upesi hivyo. Nitawaambia ukweli Jumapili, nje ya kanisa, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Na hiki nakuahidi: kipande kilichobaki hakitaguswa nikiwa hai. Kila mwezi nitapanda basi nije nitazame. Pongo wakirudi, nitakuja kaburini kukuambia. Wasiporudi, nitakuja vilevile.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Neema