Mkate wa Paa la Opera

Bodø, 3 Mei

Mdogo wangu Åshild,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Krismasi. Theluji imeyeyuka, na paka amezaa ndani ya kikapu changu cha sufu.

Ijumaa nitakuja Oslo kwa siku mbili. Nataka kupanda paa la jumba la opera, lile linaloanzia ukingoni mwa maji na ambalo watu hulikwea kama kilima. Binti yangu Torunn alinikuta nikifungasha mkate na jibini ya kahawia, akacheka.

"Mama, Oslo kuna mikahawa."

"Na mimi nina mkate."

"Mbona mwingi hivyo? Unahamia?"

Nikaendelea kufungasha. Nimeweka karatasi kati ya vipande, kama mama alivyotufundisha, nikafunga mafungu mawili. Lako halina siagi.

Daktari anataka kunipasua moyo mwezi ujao. Torunn hajui. Nimemwambia daktari kwamba kwanza nitalipanda paa hilo kwa miguu yangu mwenyewe.

Tembea nami polepole, tule huko juu, wala usiniulize habari za moyo. Nikishaamua, nitakuandikia.

Dada yako,
Borghild