Presha Iliposhuka Kwenye Kiti Chako

Chebet rafiki yangu,

Tangu tukuzike kule Olenguruone sijakuandikia. Nilikuwa nimekukasirikia. Figo zilitukataa sisi wote wawili, tukawekwa kwa mashine za kusafisha damu zinazopakana, halafu nimonia ikakuchukua wewe peke yako. Nani aliruhusu?

Wiki ile sikuenda kusafishwa damu. Nilijifungia hapa nyumbani Section 58, nikamwambia dada yangu nimechoka. Miguu ikafura, pumzi ikawa fupi. Dada hakubishana na mimi. Alinivalisha sweta, akaita teksi, akanirudisha kwa mashine.

Kiti chako wamempa Otieno, baba wa watoto wawili, anaendesha bodaboda Kaptembwo. Mtu wa kujikaza. Siku moja mashine ikiendelea kumtoa maji, nikamwona anapiga miayo, anarudia tena, na paji la uso limelowa jasho. Nikakukumbuka siku ile nilitaka kuzimia ukanifokea, "Njoki, huo si usingizi! Ni presha inashuka. Sema!"

Nikamuuliza, "Boss, unasikiaje?"

"Niko sawa, mathe." Sauti ilikuwa imeisha.

Niliita sista mpaka wagonjwa wote wakageuka. Alikuja mbio, akalaza kiti, miguu ikawa juu kuliko kichwa. Akasimamisha kutoa maji, akamwongezea maji ya chumvi kidogo kwa dripu. Macho ya Otieno yalikuwa yamegeuka. Chebet, niliomba. Niliomba kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, hata kwa yale maneno ya Kikalenjin uliyonifundisha, ingawa nashuku mengine ni ya kufukuzia ng'ombe.

Rangi ikamrudia polepole. Akasema alisikia kizunguzungu mapema lakini akanyamaza, aliogopa atatolewa kwa mashine kabla hajasafishika. Sista hakumgombeza. Alimweleza kwamba wakijua mapema wanaweza kupunguza kasi na mtu akaendelea, na kwamba akinywa chai na soda kupita kiasi siku za katikati kabla ya kurudi kwa mashine, maji mengi lazima yatolewe kwa haraka, na hapo ndipo presha huanguka. Siku hizi Otieno anapimia vinywaji vyake kwa kikombe kimoja kidogo, na akipiga miayo hata ya usingizi wa kweli, anainua mkono kama mtoto wa shule. Tunamcheka. Naye anacheka.

Na mimi nimebadilika. Daktari alinibadilishia saa za dawa za presha kwa siku za mashine. Sili tena nikiwa kwa kiti. Viazi vyako vya kuchemsha vilikuwa vitamu, lakini vilitushusha presha wote wawili, ukubali. Wamepunguza joto la mashine pia ili presha isianguke, kwa hivyo najifunika blanketi mpaka kidevuni.

Juzi nilimaliza masaa yote bila presha kushuka. Nilitoka kwa miguu yangu, nikanunua sukuma, nikapika mwenyewe. Dada alikula akinitazama, akaweka sahani chini akajipangusa macho. Machozi, Chebet. Ya furaha.

Nimekukosa. Kuna wakati nageuka kukuambia kitu, halafu... basi.

Nakuahidi nitasema mapema, kila mara, hata nikionekana msumbufu. Na Krismasi nitapanda Olenguruone niwaone watoto wako.

Lala salama, rafiki yangu. Nakupenda sana, lakini usinitengee nafasi huko bado. Sina haraka ya kuja.

Njoki