Redio Haina Mdomo, Mama Ciku

Mama Ciku, mwalimu wangu,

Ciku alinipigia simu Jumapili tukitoka kanisani. Aliniambia kidonda cha mguu wako kinakataa kupona, sukari imepanda, na hospitali hutaki kusikia. "Anasema hatadanganywa tena uzeeni," akasema. "Mimi nimeongea nikachoka. Labda wewe atakusikia." Ningekupigia, lakini nakujua, ungenikatia simu. Kwa hivyo naandika, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Unakumbuka nilivyofika hapa Langas, Eldoret? Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetoka kijiji cha Ziwa, si mbali na Eldoret, na Kiswahili changu hakikutosha hata kununua chumvi. Shule niliiacha mapema. Wewe ulikuwa mjane, mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, na mlango wako ulitazamana na wangu kwenye ile plot ya vyumba vya mabati. Nilikuletea maziwa jioni moja, ukanipa kiti, ukafungua redio. "Kaa usikize habari," ukaniambia, "halafu unieleze umesikia nini."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Habari za siasa ulizipita. Ulinitaka nisikilize za hospitali na za shule, kwa sababu, ulisema, hizo mtu anaweza kutoka nje akaziangalia kwa macho. Nilikuwa nasema "tawa" kwa ulimi wa kwetu. Ukicheka, mimi nilikuwa nakukumbusha kwamba wewe mwenyewe unasema "ndawa". Siku moja ukaweka kikombe chini ukasema, "Mimi nasema ndawa, wewe tawa, huyu wa redio peke yake ndiye anaweza kusema dawa. Na yeye hana hiyo dawa!"

Tulicheka, lakini haukuwa mzaha. Redio ilikuwa imetangaza kwamba dawa na chanjo zimepelekwa kwenye vituo vyote vya afya. Nilimfunga Jepchumba wangu mgongoni, alikuwa bado ananyonya, nikaenda kituoni. Yule wa dirisha la dawa hakuinua hata kichwa. "Iko njiani," akasema. Niliporudi uliniuliza redio ilisema nini hasa, neno kwa neno.

"Ilisema dawa zimepelekwa."

"Zimepelekwa na nani?"

"Sijui. Redio imesema."

"Redio haina mdomo, mama. Kuna mtu amesema. Ukisikia imeelezwa, imethibitishwa, imepelekwa, hiyo w hapo katikati imemficha mtu. Mtafute."

Tangu siku hiyo sijasikiliza habari kwa amani. Hata mahubiri nayachunguza.

Halafu ukaja ule mwaka wa kura. Matokeo yalipotangazwa, watu wenu wakaanza kuchomewa nyumba, na moshi ukapanda pande zote za Langas. Mume wangu, Baba Chumba, alikuwa kwao na ng'ombe, simu yake haishiki. Ulivuka hatua chache za ua na Ciku na blanketi moja, nikawafungia ndani kwangu. Tuliweka kabati nyuma ya mlango. Ciku alikaa amejiziba masikio kwa mikono miwili, na hakuna aliyemwambia aitoe.

Ndipo Jepchumba akashikwa na homa. Mwili wake ulikuwa moto kama sufuria. Tulifungua redio ndogo, tukaiweka karibu na sikio, na sauti safi kabisa ikasema hali imedhibitiwa, barabara zimefunguliwa, wagonjwa wanahudumiwa kama kawaida. Nilisimama nichukue shuka la kumbebea mtoto. Wewe ukanishika mkono.

"Zimefunguliwa na nani?" ukaninong'oneza.

Nilikuacha na mtoto nikaenda kuangalia mwenyewe. Pale barabarani mawe yalikuwa yamepangwa, tairi linawaka, na vijana wamesimama na rungu na mishale. Waliniongelesha kwa lugha yetu, kwa adabu hata, wakiniita mama. Waliniuliza nani ananisaidia kulea mtoto mume wangu akiwa hayuko. Mmoja wao nilimjua, alikuwa akinibebea maziwa. Nilisema niko peke yangu. Alinitazama sana, kisha akatazama upande wa plot yetu, na mpaka leo sijui kama aliniamini au aliamua tu kuniachia.

Niliporudi sikukuambia walichouliza. Uliona usoni. Ulichemsha maji, ukayaacha yapoe, ukatia sukari na chumvi, ukampa Jepchumba kijiko kwa kijiko, ukimpangusa kwa kitambaa chenye maji na kumwimbia kwa Kikuyu, polepole sana ili sauti isitoke nje. Homa ilishuka. Lori la polisi lilipokuja kuwapeleka watu wenu kambini, uliondoka na kile kitambaa bado mkononi.

Wiki zikapita, redio ikatangaza shule zimefunguliwa na masomo yanaendelea vizuri. Sikungoja. Nilienda shuleni kwako. Watoto walikuwa darasani kweli, wachache, wametawanyika kama mahindi yaliyokosa mvua. Hakuna mwalimu mbele. Niliuliza kama umerudi, na msichana mmoja akajibu, "Mwalimu alihama."

"Hakuhama," nikamwambia. "Alihamishwa."

Ilinitoka bila kufikiri. Mwalimu, miaka yote ulinifundisha ile w, na siku hiyo ndiyo niliijua. Nilitazama madirisha, nikatazama watu waliokuwa wakipita nje na jembe na ndoo kama siku yoyote, majirani zetu, watu wa kanisa letu, nikajiuliza ni nani kati yao. Nimekuwa nikijiuliza hivyo sokoni, nikijiuliza hivyo tukipeana mikono ya amani Jumapili.

Nilikuja kukutafuta kambini na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilidhani utanikumbatia. Ulinitazama kama unanisoma. Ukauliza, "Umetumwa na nani?"

Sikukasirika. Niliumia, hilo nakuambia leo, lakini sikukasirika, kwa sababu hata mimi ningeuliza. Nilimimina kwenye kikombe, nikanywa kwanza, mbele yako, mpaka nusu. Ulingoja. Ulingoja kweli, Mama Ciku, mpaka nikaanza kuogopa kwamba maziwa yenyewe ni mabaya. Kisha ukampa Ciku. Wewe hukunywa.

Baadaye mkahamia Nyahururu, na tangu hapo tumeishi kwa simu. Kila kura ikikaribia hupokei. Ikiisha, unapiga kama hakuna kitu, unaniuliza habari za mvua.

Sasa nikuambie yangu. Nilimaliza masomo ya watu wazima, nikafanya mtihani, nikapita. Jepchumba anasomea ualimu. Wakati ule walipotangaza kila mwanafunzi amepata nafasi ya chuo, jina lake halikuonekana popote. Nilienda ofisi moja, nikaenda nyingine, kila mahali naambiwa imeshughulikiwa. Nilikaa kwenye benchi lao mpaka mkubwa mwenyewe akatoka kwenda kula, nikamfuata kwenye korido. Nafasi ikapatikana. Siwaamini hata sasa. Nikipita pale naangalia orodha ya ukutani kama jina lake bado liko.

Ndiyo maana nakuandikia hivi. Ciku anasema ulisikia kwenye redio kwamba matibabu yamegharamiwa kwa kila mtu, ukacheka, ukageukia ukuta. Pengine ni uongo. Mimi pia nadhani kuna uongo ndani yake. Lakini wewe ulinifundisha kushuku ili nitoke nje nikaangalie. Hukunifundisha kushuku ili nilale. Kidonda hakijui siasa, mwalimu. Kinakula tu. Mama wa hapa jirani alingoja hivyo hivyo, na sasa anatembea kwa magongo.

Watu wengi wamekuambia urudi Eldoret, kwamba mambo yametulia. Mimi sitakuambia hivyo. Nyumba yako ina watu wengine, na wale vijana wa barabarani ni baba za watoto sasa, wananisalimia vizuri, nami nawajibu nikiangalia mikono yao. Usirudi kwa sababu ya maneno ya mtu, hata yangu.

Mimi ndiye nakuja. Alhamisi niko kwako asubuhi, Baba Chumba amekubali kubaki na ng'ombe. Usimgombeze Ciku. Tutaenda hospitali sisi watatu. Daktari akituambia kitu tutamuuliza, na asipojibu tutamuuliza tena, na dawa wakisema haiko nitataka kuona rafu yenyewe. Ukikataa kutoka, nitaketi hapo mlangoni pako na shuka langu, na unajua mimi si mtu wa kuchoka. Vaa kiatu kilicho wazi, mguu upate nafasi.

Hadi Alhamisi, Mungu akuweke.

Jirani yako,
Mama Chumba