Kwa Baba, Aliyewaambia Askari Waweke Bunduki Chini

Matrah, mwaka wa sabini

Baba,

Wiki nzima nimekaa na hasira, na hapana wa kumwambia ila wewe. Mama nikimwambia atalia. Basi nisikilize, na leo usiniambie "taratibu, mwanangu." Leo sitaki taratibu.

Mambo yamegeuka huku tangu ulipotutoka mwaka jana. Sultani ni mpya. Lango la Maskati halifungwi tena, watu wanavaa miwani ya jua hadharani, skuli ya wasichana inafunguliwa na mimi nimepeleka jina langu nikasomeshe. Watu wetu wa Unguja waliosoma wanatafutwa kila pembe wapewe kazi. Na wewe, Baba, ghafla umekuwa mtu.

Nani kasema? Ndugu yako, Ami Seif. Huyo huyo.

Jumanne kaja nyumbani, yeye ambaye hata siku ya maziko yako hakuja. Kanzu kaipiga pasi, kilemba kipya. Hata hakukaa vizuri, akaniambia, "Mwanangu Rayya, nnataka vile vyeti vya marehemu vya upolisi, na ile picha ya yunifomu. Hilal wangu anaomba kazi serikalini. Nimewaambia wakubwa ami yake alikuwa Inspekta, mtoto wa watu, simba."

Simba! Nilibaki kuutazama mdomo wake.

Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai. Ulipofika huku umetoka jela, umekonda, kanzu ya kuazima, mtu wa mwanzo uliyemwendea alikuwa yeye, barazani kwake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake, nikakuona. Ulikaa mlangoni, penye viatu. Mwenye kumimina kahawa akampa kila mtu kikombe, alipofika kwako akakupita. Ami alikuwa kamkataza. Ukaweka mkono wako juu ya goti kama kwamba kahawa hukuitaka. Ijumaa iliyofuata ukenda tena. Na nyingine. Miaka miwili, Baba! Kwa nini ulikuwa ukenda?

Asubuhi ile ya mapinduzi ya Unguja nilikuwa na miaka kumi na saba, na niliona yote kwa dirisha la nyumba yetu ya kituoni, kule shamba. Vijana walikuja na mapanga na bunduki chache. Wengi ulikuwa ukiwajua kwa majina, wazee wao walichuma karafuu katika mashamba ya babu. Na babu, Mungu amrehemu, alikuwa hawapi hata kiti. Wewe ndiye uliyegombana naye kwa ajili yao mpaka akaapa hatokuachia hata mkarafuu mmoja. Sajini wako akakuuliza, "Afande, tupige?" Sauti yako naisikia mpaka leo: "Wekeni chini. Sitompiga risasi mtu kwa kudai alichonyimwa na baba yangu."

Ukatoka nje peke yako, mikono mitupu.

Pale kituoni hakufa mtu. Askari wako wote walirudi kwa wake zao. Na wewe? Uliowaonea huruma wakakufunga miaka mitatu kwa sababu ya ukoo wako, na ukoo wako wenyewe ukakuita khaini. Kule mtoto wa mabwana, huku khaini. Alale wapi mtu kama wewe?

Siku ile ile Nassor, mtoto mkubwa wa Ami, aliuliwa mjini. Ami anaamini aliuliwa kwa bunduki zilizotoka kituoni kwako, zile vijana walizozichukua. Hapana ajuaye. Hata wewe ulikuwa hujui, na hilo ndilo lililokumaliza, si jela.

Basi Jumanne n'kamwambia, "Ami, vyeti vya khaini vitamfaa nini Hilal?"

Akasema, "Usinifanyie hivyo. Mimi nimepoteza mwanangu."

"Na mimi nimezika baba yangu. Hata jeneza lake hukulishika."

Mama akatoka jikoni mbio. "Rayya! Huyo ni ami yako!" Lakini Ami alikwisha kuvaa viatu, akatoka hakuaga. Vyeti sikumpa.

Na wewe pia nimekukasirikia, Baba. Usidhani umesalimika. Neno moja lingetosha, ukawaambia mbele ya watu: nilifanya hivi, kwa sababu hii. Niliwahi kukuuliza, kwa nini humjibu ndugu yako? Ukaniambia, "Nimjibu nini? Mimi nnaye mwanangu, yeye Nassor wake hana." Ukaona umemaliza. Na mimi, huyo mwanao, hukuniuliza nnajisikiaje kuitwa bint wa khaini kisimani, sokoni, katika harusi za watu. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, na upole wako nimeulipia mimi.

Juzi Hilal alikuja mwenyewe. Hakuomba kitu. Kasema, "Sikumtuma baba. Kazi nitaitafuta kwa jina langu." Kisha akaniambia kwamba tangu Jumanne Ami hatoki chumbani, hali chakula, na anamtaja Nassor, jina ambalo miaka sita hakuna aliyelisikia kinywani mwake.

Nimelifikiria hilo siku mbili. Hasira haikuondoka, nisikudanganye.

Lala salama, Baba. Mungu akufanyie wepesi uliowafanyia wengine. Ahadi yangu ni hii: kesho nitakwenda kwa Ami, mimi na Mama. Nitamwacha asimulie habari za Nassor mpaka amalize, hata ikiwa kutwa. Kisha nitasimulia zako wewe, kuanzia kituoni, kwa sauti, wanawake wasikie na wanaume wasikie. Akinifukuza, nitasimama nje ya mlango wake nimalizie.

Mwanao,
Rayya